Sarafu Iliyokosewa na Sarafu Iliyochezewa

Bibi mmoja wa Mikindani alinijia msimu wa korosho ulipokwisha, akiwa amefunga fundo kwenye ncha ya kanga. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa mkekani na kulifungua lile fundo polepole. Ndani mlikuwa na sarafu tatu. Moja ilikuwa shilingi ya simba iliyopungua kipande ubavuni, kama iliyong'atwa. Ya pili ilikuwa senti kumi ya mkoloni isiyo na tundu katikati. Ya tatu ilikuwa rupia ya Mjerumani, mfalme wao Kaiser kavaa kofia ya vita yenye tai juu. Zote aliachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa kuli bandarini Mtwara.

“Mjukuu wangu,” akasema, “kuna bwana kaja nyumbani. Hii isiyo na tundu kasema ni milioni kumi na mbili, ina kosa la kiwandani. Anataka nimpe laki moja na nusu akamlete mnunuzi kutoka Dar. Nimpe, nisimpe?”

Nilimwomba asitoe hata mia mpaka tuzitazame sawasawa.

Maneno kama hayo si mageni huku kusini. Kuanzia Kilwa mpaka Tandahimba hukosi mtu anayemjua mtu aliyechimbua rupia. Na sarafu zenyewe zipo kweli. Oktoba 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana siku nne pale Mahiwa, mkoani Lindi, na mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Askari waliopita njia zile walikuwa na fedha mifukoni. Miaka thelathini baadaye ukaja mpango wa karanga wa Nachingwea, ikajengwa bandari ya Mtwara na reli, na vibarua wakalipwa shilingi za simba na senti zenye tundu. Nyingi ziliishia kwenye makopo, kwenye mapaa ya makuti na kwenye ncha za kanga. Kwa hiyo anayekuja na sarafu ya kale usimwite tapeli papo hapo. Kazi huanza pale sarafu inapoitwa “yenye kosa”, maana kosa la kweli hupandisha bei, na kosa la uongo mtu anaweza kulitengeneza uani kwake kwa tupa na jiliwa.

Nikishika sarafu ya namna hiyo huwa najiuliza swali moja: mashine ingefanyaje hili? Sarafu iliyokosewa ni ile iliyoharibika kabla haijatoka kiwandani, na kila alama iliyo juu yake lazima iwe na maelezo ndani ya kiwanda. Sarafu iliyochezewa ilitoka nzima, ikaharibiwa baadaye na moto, nyundo, tindikali au mtu. Kwa mbali zinafanana. Ukijua sarafu inavyotengenezwa zinaachana kabisa.

Sarafu inavyopigwa

Kwanza linaletwa bamba refu la madini, linapita chini ya vikato vinavyotoboa vipande vya duara, kama mama anayekata maandazi kwa mdomo wa glasi. Kila kipande kitupu hupitishwa kwenye mashine inayokibana pembeni ili kiinuke ukingo. Kama ni sarafu ya tundu, tundu hutobolewa hapo, kikiwa bado kitupu. Kisha kinaingizwa ndani ya pete ya chuma, katikati ya mihuri miwili, mmoja chini na mwingine juu. Mihuri inakutana kwa nguvu kubwa mno, na kwa kufumba na kufumbua madini yanatembea: yanajaa kwenye herufi, yanajaa kwenye picha, yanasukumwa mpaka yagonge ile pete. Pete ndiyo inayoifanya sarafu iwe duara kamili, na ndiyo inayoacha ile mistari ya ubavuni unayoisikia ukipitisha ukucha.

Lile neno kutembea ndilo la kushika. Madini yaliyotembea chini ya muhuri huacha sura ambayo tupa haiwezi kuiiga. Herufi zinakuwa na mabega ya mviringo, zinavutika kuelekea palipo na nafasi, na uwanja unaozizunguka una mng'ao unaokimbia ukiigeuzageuza sarafu juani. Palipokwanguliwa, mng'ao ule umekufa.

Lingine la kukumbuka ni kwamba muhuri ni kinyume cha sarafu. Picha imezama kwenye muhuri, kwenye sarafu inainuka. Muhuri ukipata ufa, madini huingia ndani ya ufa, na kwenye sarafu utaona mstari ulioinuka, mwembamba, unaokwenda kombo kama mshipa wa jani. Mkwaruzo wa barabarani unazama. Kwa hiyo mtu akikuletea sarafu yenye “ufa wa kiwandani”, pitisha ukucha. Ukidumbukia, huo ni mkwaruzo.

Shilingi iliyong'atwa

Tulianza na shilingi ya simba, ya mwaka 1952, kwa sababu ndiyo niliyoitilia shaka kuliko zote. Kung'atwa hutokea hivi: bamba lisiposogea vya kutosha, kikato kinashuka na kuangukia kwenye tundu la kipande kilichotangulia. Kipande kipya kinatoka kikiwa na pengo la mviringo, kama mwezi uliomegwa. Kinakwenda hivyohivyo kwenye mashine ya ukingo, kinakwenda hivyohivyo kwenye mihuri, na kinatoka kikiwa shilingi iliyopungua. Mtu mwenye jiliwa, tindo na tupa anaweza kumega sarafu nzima akapata umbo lilelile.

Nikaiweka chini ya lenzi. Sikuanza kuangalia pengo, nilianza na upande unaolikabili. Pale kwenye mashine ya ukingo kipande hubanwa pande mbili kwa wakati mmoja. Pengo likipita upande huu hakuna cha kubana, kwa hiyo na upande wa pili unakosa msukumo. Matokeo yake, mara nyingi sarafu iliyong'atwa kweli huwa na ukingo hafifu mkabala na pengo, mahali ambapo hakuna kilichokatwa. Wakusanyaji wa Marekani huita dalili hiyo kwa jina la Blakesley. Mwenye tupa hushughulika na pengo, na upande wa pili hana habari nao. Kwake ukingo unabaki mnene kama ulivyotoka kiwandani.

Ukingo wa shilingi ya bibi ulififia mkabala na pengo, tena kwa urefu uleule wa pengo. Moyo ukaanza kunidunda.

Ndipo nikarudi kwenye pengo lenyewe. Herufi zilizokaribiana nalo zilikuwa zimenenepa chini na kuvutika kuelekea palipo wazi, kama udongo wa mfinyanzi unaotoka kati ya vidole. Hivyo ndivyo madini yanavyofanya yakikosa pete ya kuyazuia. Herufi iliyokatwa kwa tindo hukatika wima: nusu yake ipo kamili na nusu haipo, bila kuvutika. Kuta za pengo zilikuwa zimelainika na kubetuka kidogo nje, bila mistari sambamba ya tupa, bila sehemu inayong'aa upya kuliko uso. Kwa mizani ilipungua uzito kwa kiasi kinacholingana na kipande kilichokosekana, maana shilingi nzima ya namna hiyo ina gramu 7.8 hivi. Uzito peke yake usingetosha, kwani hata iliyokatwa uani hupungua. Lakini ukingo, herufi na kuta vilipokubaliana, sikuwa na la kubisha. Ile shilingi ilikosewa kiwandani.

Yule bwana hakuijali. Alimwambia bibi kwamba hiyo imevunjika.

Senti isiyo na tundu

Senti kumi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka, na kuna chache zilizopitiwa na kitobozi zikapigwa mihuri bila tundu. Kosa hilo lipo kweli na wakusanyaji wanalitafuta. Ndiyo maana linaghushiwa.

Tujiulize tena mashine ingefanyaje. Kipande kisichotobolewa kikiingia kwenye mihuri, ile duara iliyoinuka inayolizunguka tundu inatokea kama kawaida, kwa sababu imechongwa kwenye muhuri. Ndani ya duara kunabaki uwanja mtupu, tambarare, madini yaleyale, rangi ileile, bila mshono. Kwenye senti ya bibi duara ilikuwepo, ila nilipoiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukatokea mstari mwembamba kama unywele ndani ya duara, ukazunguka mzima. Ndani ya mstari rangi ilikuwa ya kijivu, nje ilikuwa ya shaba. Niliidondosha juu ya meza ya mbao pamoja na senti kumi ya kawaida. Ya kawaida ikalia, yake ikatoa mlio wa kufa. Ilikuwa imezibwa kwa lehemu na kupigwa nyundo pande zote mbili. Pengine aliyeiziba hakuwa na nia mbaya kabisa. Ila anayeiuza kwa jina la kosa anajua anachofanya.

Kinyume chake pia kipo: sarafu nzima inayotobolewa na kuitwa “ya ajabu”. Keekee ikipita kwenye sarafu iliyokwishapigwa huacha mdomo mkali upande mmoja, na upande wa pili herufi zinabonyea kuingia tunduni. Tundu la kiwandani lilikuwepo kabla ya herufi, kwa hiyo herufi hulikwepa na ukingo hulizunguka pande zote mbili. Rupia nyingi za pwani hii zina tundu karibu na ukingo kwa sababu zilivaliwa shingoni. Ni alama yenye historia nzuri ya kinamama wetu, lakini mkusanyaji huihesabu kuwa uharibifu.

Kwa sonara

Rupia tuliipeleka kwa sonara mjini Mtwara. Ilikuwa ya 1910, yenye herufi ndogo J, alama ya kiwanda cha Hamburg. Zenye A zilipigwa Berlin. Yule bwana alikuwa amemwonyesha bibi kijivimbe ubavuni akakiita “chunusi ya kiwandani”, akasema ni nyongeza ya milioni mbili. Kumbuka pete. Madini yaliyobanwa na pete ya chuma pande zote hayana pa kuvimbia, na kama yangepata upenyo, mistari ya ubavuni isingepita chini ya uvimbe. Hapa ilipita. Kile kijivimbe kilikuwa mabaki ya lehemu, mahali kilipokaa kipete cha mkufu.

Ikabaki kujua kama ni fedha halisi, na hapo nitaeleza kwa urefu kwa sababu jaribio hili halidhuru sarafu na vifaa vyake vinapatikana kwa sonara yeyote. Rupia nzima ina gramu 11.66 za fedha ya sehemu 917 kati ya 1,000. Ya bibi, iliyolika kwa miaka, ilisoma 11.5. Kisha tukaweka kikombe cha maji juu ya mizani na kuirudisha mizani kwenye sifuri. Sonara akaifunga rupia kwa uzi mwembamba, akaizamisha yote bila kugusa kikombe, mkono umetulia. Mizani ikasoma 1.12. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu, yaani ni ujazo wake. Gawanya 11.5 kwa 1.12 upate karibu 10.3, na fedha ya kiwango hicho ndipo inapokaa. Wiki chache kabla nilikuwa nimejaribu nyingine mjini Lindi, nzuri kwa macho, yenye gramu 10.1, majini ilisoma 1.2. Hesabu yake ni kama 8.4, ambayo ni shaba ya njano iliyochovywa rangi ya fedha.

Zile za kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu hujisema zenyewe ukiwa na lenzi: vitundu vidogo vya mapovu uwanjani, herufi zilizolegea kama sabuni iliyotumika, na pengine mshono unaozunguka ubavu. Ukiletewa rupia mbili kwa sarafu moja, zile za kampuni ya Kijerumani za 1893 na 1894, kuwa mwangalifu maradufu. Halisi ni adimu na za bandia zimejaa.

Herufi mbili mbili, vichwa viwili

Kosa linalowachanganya hata wazoefu ni la maandishi yanayoonekana mara mbili. Muhuri nao hutengenezwa kwa kukandamizwa na chapa mama, na zamani ulikandamizwa zaidi ya mara moja. Ukisogea kidogo kati ya mkandamizo wa kwanza na wa pili, muhuri wenyewe unakuwa na herufi mbili mbili, na kila sarafu inayotoka hapo inazo. Mfano unaojulikana kote ni senti ya Marekani yenye kichwa cha Lincoln ya mwaka 1955, ambayo maandishi na mwaka vinaonekana mara mbili bila hata lenzi. Herufi za kosa hili huwa nene kuliko kawaida, zote mbili zimeinuka na kuviringika, na ncha zake zina mpasuko mdogo kama ulimi wa nyoka.

Lakini muhuri uliolegea unaweza kutikisika ukiwa unaachana na sarafu. Hapo herufi inasukumwa ubavu na kuacha ngazi bapa, nyembamba. Herufi haikunenepa, imekatwa kipande. Hilo limetokea kiwandani, ni kweli, lakini ni jambo la kila siku na halina bei. Ninawaona vijana wanapiga picha ngazi hizo kwa simu, wanazikuza, wanaziita adimu. Wala hawadanganyi, hawajui tu tofauti ya kunenepa na kukatwa.

Vichwa viwili, upande huu kichwa na upande huu kichwa, ni karibu zote kazi ya fundi. Anakereza sarafu moja iwe kama kisahani, anapunguza nyingine iingie ndani, anabandika. Tafuta mshono ndani ya ukingo, sio ubavuni, kisha uisikilize ikidondoka.

Kuna picha iliyogeuka na kuzama kama kwenye kioo. Kosa la kweli la namna hiyo hutokea sarafu ikinasa kwenye muhuri mmoja, na kipande kinachofuata kinapigwa na sarafu badala ya muhuri. Upande mmoja unapata picha iliyozama, upande wa pili unapigwa vizuri kabisa. Wa kughushi anabana sarafu mbili kwenye jiliwa. Alama inazama kidogo tu, picha ya awali inaonekana chini yake, na upande uliogusa chuma cha jiliwa umebapa.

Uingereza ilikosea vizuri mwaka 2008. Walibadilisha sura ya peni 20, mwaka ukahamishwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili, ila katika kazi muhuri wa kale ukakutana na muhuri mpya. Zikatoka sarafu zisizo na mwaka popote, zisizozidi 250,000. Baadhi ya watu wakaona njia ya mkato, wakaukwangua mwaka kwenye peni za kawaida. Hawakufanikiwa kwa anayetazama: kwenye muhuri wa kale maandishi yalipangwa bila nafasi ya mwaka, ilhali kwenye sarafu iliyokwanguliwa pengo la mwaka linabaki wazi na uwanja wake umekufa mng'ao. Hilo litumie kwa sarafu yoyote inayosemwa haina herufi. Grisi ikijaa kwenye muhuri, herufi hufifia lakini uwanja hubaki mzima. Tupa ikipita, uwanja unapungua pamoja na herufi. Tindikali nayo hula kila mahali kwa pamoja, sarafu inakuwa nyembamba, nyepesi, na ukingo wake kama kisu.

Sumaku ndogo ya spika mbovu nayo inasaidia. Mwaka 1943, wakati wa vita, Marekani ilipiga senti zake kwa chuma kilichofunikwa zinki ili kuokoa shaba, lakini chache zikapigwa kwa bahati mbaya kwenye vipande vya shaba vilivyosalia. Hizo ni mali. Watu huchovya zile za chuma kwenye shaba, na sumaku inawaumbua papo hapo. Wengine huchukua ya 1948 wakaikwangua 8 iwe 3, na hapo lenzi inahitajika. Kwetu, sarafu ya shilingi 500 yenye nyati iliyotoka 2014 ni chuma kilichofunikwa nikeli, sumaku huishika. Ukiletewa ya rangi ya dhahabu ukaambiwa ilipigwa kwa dhahabu, iguse na sumaku. Ikinasa, ilichovywa.

Kosa moja sijaona mtu akilighushi kwa urahisi: muhuri uliozunguka. Sarafu za Tanzania ukizigeuza kama ukurasa wa kitabu, picha ya upande wa pili inabaki imesimama wima. Muhuri ukilegea ukazunguka, picha inalala. Fungua droo yako ujaribu zote. Halihitaji lenzi wala mizani.

Yasiyo kosa hata kidogo

Mengi tunayoletewa hayakuchezewa na hayakukosewa. Ni ya kawaida, ila aliyeshika hajui. Senti tano na kumi za 1936 zina jina la mfalme Edward VIII, aliyetawala chini ya mwaka mmoja na kuachia ngazi Desemba mwaka huo. Watu husema zilitoka kwa makosa. Hapana. Kwa kuwa zina tundu hazikuhitaji sura ya mfalme, zikapigwa mapema kwa jina lake, tena kwa wingi. Leo huuzwa kwa dola chache. Herufi H, KN, SA na I unazoziona kwenye sarafu hizo ni alama za viwanda: Heaton na King's Norton vya Birmingham, Pretoria, na Bombay.

Reale kubwa ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyotumika pwani yote hii imeandikwa 1780, na imeendelea kupigwa kwa mwaka huohuo tangu malkia huyo alipofariki. Mwaka ulioandikwa hauonyeshi umri.

Heller 20 za Tabora, senti za Mjerumani, zinastahili neno zaidi. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamekatiwa njia ya bahari, wakapiga sarafu zao kwenye karakana ya reli Tabora, wakazitia herufi T. Walipiga kwa shaba waliyoipata, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga, na mihuri ilichongwa palepale. Zimetoka zimekaa upande, zina nyufa, herufi hazilingani. Sarafu ya dhiki ikiwa mbovu haina kosa, ndivyo zilivyo. Hali hiyohiyo ndiyo inayomrahisishia mghushi, kwa sababu ubovu haumshtui mnunuzi. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima, usiinunue kwa mtu bila uthibitisho, hata akiapa.

Halafu kuna za Kilwa. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu ndogo za shaba zenye majina yao kwa Kiarabu, na maneno ya pande mbili yana vina, mstari wa upande huu unaitikiwa na wa upande wa pili. Hazina mwaka wala thamani iliyoandikwa. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota tano kwenye Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake, na mpaka leo watu wanajadiliana zilifikaje. Zilitengenezwa kwa mikono, hakuna mbili zinazolingana, kwa hiyo neno “kosa” halina mahali hapo. Na hizi nasema kwa moyo wote, si mali ya biashara. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Ukiokota sarafu Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, iache ilipo na umwite mhusika wa mambo ya kale. Mahali ilipolala panaeleza nani alikaa hapo na lini. Ukiiweka mfukoni, maelezo hayo yamekufa.

Nani athibitishe

Zipo kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzifunga kwenye kasha la plastiki lenye namba, PCGS tangu 1986 na NGC tangu 1987. Namba ya kasha huulizwa kwenye tovuti yao, na lazima uiulize, kwa sababu makasha nayo yanaghushiwa. Kwa mtu wa Lindi au Newala, gharama ya kutuma na kukaguliwa mara nyingi huzidi bei ya sarafu yenyewe. Huo ni ukweli mchungu na nauambia kila anayeniuliza. Kwanza piga picha pande zote mbili na ubavu, kwenye mwanga wa pembeni, pamoja na rula. Pima uzito. Usiisugue kwa dawa ya meno, majivu wala ndimu. Ukifanya hivyo umeichuna sarafu ngozi, na mkusanyaji hataitaka tena. Na mnunuzi wa kweli huja na hela yake. Anayekuomba nauli, ada ya vipimo au ya mganga, huyo biashara yake ni hiyo nauli.

Nilimweleza bibi yote haya tukiwa tunarudi kwenye daladala. Senti ni ya kawaida, imezibwa. Rupia ni fedha halisi, haina kosa, ilivaliwa mkufuni. Akanyamaza kidogo, akasema aliyeivaa ni mama mkwe wake, yeye mwenyewe alimwona nayo. Shilingi iliyong'atwa ina kosa la kweli, na mkusanyaji angeilipia zaidi ya shilingi ya simba ya kawaida, lakini haifiki hata sehemu ndogo ya zile milioni.

Yule bwana alipiga simu jioni. Bibi akamwambia senti imezibwa kwa lehemu na mstari wake umeonekana. Simu ikakatika. Laki na nusu aliwalipa vibarua wakampalilia mikorosho. Ile shilingi aliitenga na zile sarafu mbili, akaikunja kwenye karatasi, akaniomba niandike juu yake: “1952, imekosewa kiwandani, isisuguliwe.”